Namna ya kumlea mgeni wa afilieti mpaka asimame kama mwenye biashara

Mgeni wa afilieti utamtambua kwa swali lake la asubuhi: "Leo nifanye nini?" Hana kosa. Ametoka shuleni au kwenye ajira, mahali penye mtu wa kupanga ratiba, mtu wa kukagua kazi na tarehe ya mshahara. Sasa ameingia kwenye afilieti, yaani kazi ya kutangaza bidhaa za wengine kwa linki yake mwenyewe, analipwa kamisheni pale tu mtu anaponunua, na katika hivyo vitatu hakuna hata kimoja. Akikosa bosi, atakufanya wewe kuwa bosi wake. Na wewe usipokuwa macho, utaufurahia ubosi huo.

Mwongozo huu ni wa anayewapokea wageni kama hao, awe ameanzisha kikundi chake, anasimamia mawakala wa kampuni, au ni mzoefu tu ambaye watu wanamfuata kuomba kuonyeshwa njia. Mbinu za kuandika, kupiga picha na kuvuta wasomaji zinafundishwa kila mahali. Hapa tunashughulika na kichwa cha mgeni: atoke kwenye kusubiri maagizo, afike kwenye kuamua na kubeba matokeo. Usimpime kwa mauzo ya mwezi wa kwanza, maana mauzo yanaweza kuja kwa bahati. Mpime kwa maamuzi anayoyafanya bila kukuuliza.

Hatua ya 1: Angalia pesa yako wewe inatoka wapi

Kabla hujafundisha neno lolote, jibu hili kwa ukweli: unanufaikaje mtu huyu akiingia? Baadhi ya programu za afilieti, yaani mipango ya kampuni ya kuwalipa wanaozitangazia bidhaa, zina kamisheni ya ngazi ya pili, yaani unapata sehemu ndogo ya mauzo ya uliyemleta. Hilo si kosa, mradi pesa inatokana na bidhaa iliyofika kwa mnunuzi wa kweli. Tatizo linaanza pale mgeni anapolipa ili aingie, na wewe unalipwa kwa sababu ameingia. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliweka kipimo kinachotumika mpaka leo katika shauri la Koscot mwaka 1975: watu wakilipa ili wapate haki ya kuuza pamoja na haki ya kuzawadiwa kwa kuleta wengine, na zawadi hiyo haihusiani na bidhaa kumfikia mtumiaji, huo ni mchezo wa piramidi.

Mweleze mgeni wako mpangilio huo siku ya kwanza. Kama unapata asilimia fulani kwenye mauzo yake, itaje. Kama unauza kozi, mwambie kozi ni biashara yako na afilieti itakuwa biashara yake, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mtu hawezi kujifunza kufikiri kama mwenye biashara huku amefichwa hesabu za biashara anayoingia.

Na usimwonyeshe picha ya malipo yako makubwa. Akishaiona, kila mwezi wake atauona wa kushindwa.

Hatua ya 2: Mwondolee mshahara kichwani

Kikao cha kwanza kisiwe cha "jinsi ya kupata linki". Kiwe cha safari ya pesa, kutoka kidole cha msomaji mpaka akaunti ya benki. Chora kwenye karatasi.

Msomaji anabonyeza linki. Kivinjari chake kinahifadhi kuki, alama ndogo inayoonyesha aliyemleta. Kuki ina umri. Kwa Amazon, duka la mtandaoni la Marekani ambalo lilianzisha programu yake mwaka 1996, umri huo ni saa 24, ingawa bidhaa ikiwekwa kikapuni ndani ya muda huo nafasi inarefuka. Programu nyingine hutoa siku 30, nyingine zaidi. Katika programu nyingi, msomaji akibonyeza linki ya mtu mwingine kabla ya kununua, wa mwisho ndiye anayehesabiwa. Akibadili kifaa, alama inaweza kupotea. Akifuta kuki, imepotea.

Tuseme amenunua. Mauzo yanaonekana kwenye dashibodi, ukurasa wa hesabu zake ndani ya programu, na mgeni anaruka kwa furaha. Mzuie kidogo. Bidhaa inaweza kurudishwa, na kamisheni inarudi nayo. Kisha kuna kusubiri: Amazon hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kumalizika, kwa hiyo mauzo ya tarehe 1 yanasubiri kama miezi 3. Programu nyingi zina pia kiwango cha chini, na usipokifikia pesa inabaki huko. Tena akaunti mpya ya Amazon isiyopata walau mauzo 3 yanayokubalika ndani ya siku 180 hufungwa.

Ukimaliza kuchora, muulize swali moja na unyamaze: "Utaishi vipi mpaka pesa ya kwanza ifike?" Jibu lake litakuonyesha uko na nani. Anayesema "nitaacha kazi nijitose" mrudishe nyumbani akafikiri upya. Njaa haimpi mtu ujasiriamali. Inampa haraka, na mwenye haraka anatangaza takataka yoyote yenye kamisheni kubwa.

Hatua ya 3: Daftari kabla ya linki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona kazi ambayo maneno hayo yanaifaa kuliko hii, kwa sababu hapa mali yenyewe haishikiki. Hakuna duka la kufunga wala bidhaa ya kuhesabu usiku. Bila daftari, mgeni hajui kama anafanya biashara au anajiburudisha.

Mwambie afungue daftari au jedwali la kompyuta lenye sehemu chache tu: pesa iliyotoka, saa alizofanya kazi, kamisheni iliyoonekana, kamisheni iliyoingia benki. Hizo mbili za mwisho zisichanganywe kamwe. Ile ya dashibodi ni ahadi, ya benki ndiyo pesa. Gharama zote ziandikwe, pamoja na data, jina la tovuti na programu za kompyuta anazolipia kila mwezi na kuzisahau. Pesa ya biashara ikae kwenye akaunti yake hata kama ni ndogo. Mwenye kujiajiri mara nyingi hakatwi kodi na mtu, hivyo kila malipo yakiingia atenge sehemu, na aulize mamlaka ya kodi ya mahali anapoishi mapema, badala ya kusubiri barua yao.

Saa ndizo wengi wanaziacha. Sisitiza. Mtu aliyetumia saa 40 kupata kamisheni ya 20 hana faida ya 20, amejilipa nusu kwa saa. Labda ni sawa kwa sasa, maana anajenga. Lakini ajue.

Pia aandike mpaka wake wa hasara: nitaweka kiasi gani, kwa muda gani, na nikifika hapo bila dalili za mafanikio nitabadili nini. Aandike yeye, kwa mkono wake, kabla ya hamu na huzuni kuingia.

Hatua ya 4: Acha achague mwenyewe, ila apige hesabu mbele yako

Hapa ndipo walezi wengi wanaharibu. Wana bidhaa yao inayouza, wanampa mgeni linki na maneno ya kunakili, naye anauza kidogo mwezi wa kwanza. Tayari ameshakuwa mwajiriwa wako asiye na mshahara. Bidhaa ikifungwa, anarudi kwako kuomba nyingine.

Mpe kazi hii. Achague bidhaa 2 anazozielewa, za watu anaowaelewa, kisha akokotoe. Mfano: ya kwanza bei yake 50, kamisheni asilimia 3. Kila mauzo yanampa 1.5. Tukadirie kwamba kati ya watu 100 wanaobonyeza, 2 wananunua. Basi kliki 100 zina thamani ya 3. Akitaka 300 kwa mwezi anahitaji kliki 10,000. Kama kwa kila wasomaji 10 anabonyeza mmoja, anahitaji wasomaji 100,000.

Ya pili bei yake 80, kamisheni asilimia 20. Kila mauzo 16. Hata kama ananunua mtu mmoja tu kati ya 100, kliki 100 zina thamani ya 16. Kwa 300 anahitaji mauzo 19, kliki kama 1,900, wasomaji 19,000.

Viwango hivyo vya ununuzi ni vya mfano, na atakuja kuviandika upya kwa namba zake. Cha muhimu ni kwamba ameona kwa macho yake kwamba kazi ileile inaweza kuzaa mara tano zaidi au pungufu kutokana na uamuzi uliofanywa kabla ya kuandika sentensi hata moja. Sasa geuza meza, usimwache aamini kwamba kamisheni kubwa ndiyo dawa. Muulize: bidhaa ya pili inarudishwa mara ngapi? Ungemuuzia ndugu yako? Inanunuliwa kwa sababu ni nzuri au kwa sababu kampuni inatoa kamisheni? Bidhaa yenye kamisheni nono na marejesho mengi humla mgeni mara mbili, kwanza kwenye pesa, pili kwenye jina.

Akichagua ambayo wewe usingeichagua, na si ya utapeli, mwache. Mwambie maoni yako mara moja, kisha nyamaza. Uamuzi mbaya alioufanya mwenyewe kwa hesabu utamfundisha kuliko uamuzi mzuri aliopewa.

Hatua ya 5: Kikao cha wiki, na sanaa ya kutojibu

Kati ya kila kilichomo humu, hiki ndicho kinachobeba uzito. Kutaneni mara moja kwa wiki, nusu saa inatosha. Usiwe unapatikana saa zote kwa ujumbe. Anayejibiwa kila dakika tano hajifunzi kukaa na tatizo.

Weka kanuni moja: haruhusiwi kuleta swali tupu. Alete tatizo, alichojaribu, na ambacho angefanya kama wewe usingekuwepo. Wiki za mwanzo atasahau, nawe utamrudisha kwa upole.

"Mwalimu, niweke linki hii au ile?"

"Leo nimesafiri na simu imezima. Ungeweka ipi?"

"Hii ya kwanza. Lakini sina uhakika."

"Kwa nini hiyo?"

"Kamisheni yake kubwa."

"Na anayesoma, alikuja kutafuta nini?"

"Alitaka kitu cha kuanzia, cha bei nafuu." Kimya. "Basi ya pili."

"Jaribu. Wiki ijayo nieleze kliki zilikuwaje."

Angalia kwamba mlezi hakusema ya pili ndiyo sahihi. Hata angekuwa anajua, jibu lake lingekuwa na thamani ndogo kuliko mgeni kugundua kwamba swali la msomaji linatangulia swali la kamisheni.

Lugha yako nayo inafundisha. Ukisema "kazi niliyokupa umefanya?" umejitangaza msimamizi. Sema "wiki iliyopita ulisema utafanya nini, na imekuwaje?" Ahadi ni yake, taarifa ni yake. Asipofanya, usimkemee na usimfanyie. Muulize imemgharimu nini. Mwajiriwa asiyefanya kazi anamuudhi mkubwa wake. Aliyejiajiri asipofanya hakuna anayeudhika, na ukimya huo ndio anaotakiwa kuuzoea.

Yapo mambo ambayo unayajibu mara moja, bila kumzungusha: yanayohusu sheria, yanayoweza kufunga akaunti yake, na yanayomdhuru mnunuzi. Kumwacha mtu agundue mwenyewe kwamba kununua kwa linki yake mwenyewe ni marufuku Amazon, baada ya akaunti kufungwa, si malezi. Ni uvivu wa mlezi.

Hatua ya 6: Namba zinasema nini

Akishapata kliki mia kadhaa, mfundishe namba mbili tu. Ya kwanza ni mapato kwa kila kliki: kamisheni yote gawanya kwa kliki zote. Ya pili ni sehemu ya wanaobonyeza kati ya wanaosoma. Ya pili ikiwa ndogo, tatizo liko kwenye maneno yake au wasomaji wasiofaa. Ya kwanza ikiwa ndogo wakati ya pili ni nzuri, tatizo liko kwenye bidhaa, bei au ukurasa wa muuzaji, na hapo hana cha kurekebisha ila kubadili bidhaa. Tofauti hiyo humwokolea miezi ya kuandika upya makala ambayo haikuwa na shida.

Atumie vitambulisho tofauti kwa linki za sehemu tofauti, ambavyo programu nyingi hutoa, ili ajue mauzo yametoka kwenye video, barua pepe au makala. Bila hivyo anakisia.

Matangazo ya kulipia yaje baadaye, na kwa hesabu ya mtiririko wa pesa, siyo faida peke yake. Kliki inamgharimu 0.10 na inamwingizia 0.16, inapendeza. Mauzo moja kati ya manne yakirudishwa, imebaki 0.12. Bado ni faida, lakini tangazo linalipwa leo na kamisheni inakuja baada ya siku 60 au zaidi. Akitumia 10 kwa siku, ametoa walau 600 kabla hajaona senti ya kwanza. Wapo wanaokwama katikati ya biashara yenye faida kwa sababu hawakuihesabu miezi hiyo miwili.

Hatua ya 7: Mwandae kwa siku ambayo kanuni zitabadilika

Mwezi wa nne mwaka 2020 Amazon ilipunguza kamisheni za makundi mengi kwa mpigo. Fanicha na bidhaa za nyumbani zilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Aliyekuwa anapata 800 kwa mauzo yaleyale akabaki na 300. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Google nayo ilianza mwaka 2022 kushusha tovuti ilizoona zimeandikwa kwa ajili ya injini ya utafutaji badala ya wasomaji, na tovuti nyingi za mapitio ya bidhaa zilipoteza wasomaji wao.

Simulia hayo mapema, kisha mfanyishe zoezi: "Chukua daftari lako. Programu kubwa unayoitegemea imekata kamisheni kwa nusu kuanzia kesho. Unafanya nini kesho asubuhi?" Mwenye fikra za kuajiriwa atalalamika. Acha alalamike dakika mbili, halafu umrudishe kwenye daftari. Majibu mazuri yatajitokeza: programu ya pili ya bidhaa ileile, orodha ya barua pepe ambayo ni mali yake, tovuti yenye jina alilolisajili yeye, mazungumzo ya moja kwa moja na kampuni ndogo zinazolipa vizuri. Kabla hajaweka linki kwenye barua pepe asome masharti ya kila programu, maana si zote zinaruhusu.

Hatua ya 8: Uaminifu ni wajibu wake, siyo wako

Fupi, lakini usiiruke. Msomaji aambiwe wazi, karibu na linki na kwa maneno ya kawaida, kwamba mwandishi atalipwa akinunua. FTC ya Marekani inadai hivyo, na mamlaka za nchi nyingine nyingi zina kanuni zinazofanana. Tangu 2019 Google imekuwa na alama maalumu ya "sponsored" ya kuwekwa kwenye msimbo wa linki za kulipiwa. Mapitio ya uongo, yaani kusifia kitu ambacho hukukigusa kana kwamba umekitumia, yamewekewa kanuni yake ya FTC iliyoanza kutumika mwezi wa kumi 2024, yenye faini.

Mgeni atakuambia, "Lakini wengine hawaweki." Ndiyo. Na siku wakiulizwa, watajibu wenyewe. Atakayejibu kwa ajili yake ni yeye, na kauli ya "nilielekezwa hivyo na mlezi wangu" haimsaidii aliyejiajiri.

Hatua ya 9: Jiondoe

Anza kupunguza vikao anapoanza kuja na maamuzi yaliyokwisha kufanyika. Kila wiki iwe kila wiki mbili, kisha mwezi. Dalili nyingine ni kwamba anakupinga kwa namba zake, anakataa bidhaa nono kwa sababu haiwafai watu wake, na anaandika mpango wa miezi mitatu bila kuombwa. Mapato madogo si sababu ya kumshikilia. Mapato makubwa yenye maswali ya "leo nifanye nini?" ni sababu ya kuendelea naye.

Wapo ambao haitawafaa. Mtu akifika kwenye mpaka wa hasara aliouandika mwenyewe katika hatua ya tatu, fungueni ukurasa ule pamoja na msome. Usimbembeleze kuongeza mwezi mmoja, hasa kama wewe unanufaika na kubaki kwake. Akiamua kurudi kwenye ajira, msaidie kufunga kazi vizuri: atoe salio lililofikia kiwango cha malipo, asitishe programu za kompyuta anazolipia kila mwezi, azime matangazo yote, ahifadhi hesabu kwa ajili ya kodi, na jina la tovuti alibakize kama gharama yake ni ndogo. Makala zilizobaki zinaweza kuendelea kuleta kliki, kwa hiyo taarifa za benki kwenye akaunti za programu zibaki sahihi.